Baba Hataki Nishuke Rukwa, na Sasa Najua Sababu

Mpendwa Bi Mshauri, pokea salamu za huku kwenye baridi ya Ufipa, naomba unisaidie upesi maana nimefanya jambo kwa siri na sasa limeniponyoka, sijui nilishike wapi.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na mitatu, nafundisha elimu ya watu wazima katika kijiji chetu cha ujamaa, na mchumba wangu Basil ni mganga wa zahanati kule Mtowisa, katika bonde la Ziwa Rukwa, kijana mpole, ametuma washenga mara mbili na mara zote mbili baba yangu, Mzee Oswaldi, amewakatalia, hatoi sababu, anasema tu, "Mwanangu hashuki Rukwa," watu wanadhani anaogopa joto na malaria, wengine wanasema anawadharau watu wa bondeni, lakini mimi tangu utoto najua baba anaogopa maji, mvua zikijaza mto anatuita majina mmoja mmoja mpaka tuitike, na ziwa hatujawahi kuliona ingawa wenzetu wa shule walipelekwa.

Mwaka juzi, tulipohamia kijijini, nilikuta katika sanduku lake cheti cha kazi, kwamba alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya ufukweni huko Tanga kuanzia 1947 hadi 1951, nikashangaa sana maana sisi alituambia alikata mkonge tu, nilipomuuliza akaninyang'anya cheti akaenda shambani bila kula. Basi nikamwandikia meneja wa hoteli bila kumwambia mtu, nikatumia anwani ya mjomba Wilibrodi aliyeko mjini Sumbawanga, na baada ya miezi minne likaja jibu kutoka kwa mzee mmoja, Hamidi, aliyekuwa dobi pale hotelini.

Anaandika hivi: "Mwanangu, baba yako alikuwa mtu wa watu. Siku ile mama mmoja mgeni alimwachia mtoto wake wa kiume wa miaka mitano, akamwambia amtazame kidogo, yeye akapanda chumbani. Oswaldi aliinama kuokota glasi zilizoanguka, kuinuka mtoto hayupo. Aliingia baharini na viatu vyake, na kuogelea hajui, mpaka wavuvi wakamtoa amezirai. Mtoto tulimpata jioni, amekufa. Baba yako aliwekwa rumande miezi miwili, hakimu akamwachia, lakini kazi haikuwepo tena. Aliondoka bila kutuaga."

Bi Mshauri, kibaya zaidi mjomba aliifungua barua kabla yangu, naye anaitaka ndoa hii kwa nguvu, ameapa kwamba ukoo utakapokaa Jumapili ya kwanza ya Agosti atamwambia baba mbele ya watu wote, "Wewe mfungwa uliyeacha mtoto wa wenzio afe, una mdomo gani wa kuzuia harusi?" Mama hajui lolote, aliolewa baada ya mambo hayo, nikimwambia baba, ataona nimemfukua, nikinyamaza mjomba atamvua nguo hadharani, na Basil nampenda. Nifanye nini?

Kristiana, Sumbawanga

JIBU

Binti yangu Kristiana, nianze na fimbo, pole itafuata. Ulikosea. Mzazi akikunyang'anya karatasi na kuondoka bila kula, amekwisha kukujibu kwamba hapo pana kidonda. Ulipaswa kungoja siku, umuulize tena kwa adabu. Wewe ukaandika Tanga! Tena barua ya siri ukaipitisha kwa mjomba mwenye haraka ya kunywa pombe ya harusi. Ulitarajia nini?

Sasa pole, maana mzigo huo ni mkubwa kwa mabega yako. Lakini barua umeisoma kwa hofu. Hukuona kwamba mtu wa milimani, asiyejua kuogelea, aliingia baharini na viatu kumfuata mtoto asiye wake? Na rumande siyo kifungo. Hakimu alimwachia. Mjomba akisema "mfungwa", anasema uongo.

Mwambie baba yako kabla ya Jumapili hiyo. Mfuate shambani, mkiwa wawili tu, mikono ikiwa kazini, asilazimike kukutazama usoni. Anza kwa kuomba radhi. Mpe barua mkononi, na umwambie wazi kwamba mjomba anajua, asije akashtukizwa. Siku hiyo usitaje harusi hata kidogo. Kumwambia mama au kutomwambia ni haki yake yeye. Kisha Basil aje mwenyewe, awaache washenga nyumbani, amsikilize mzee. Baba yako hamkatai mkwe, anaogopa maji. Na akikataa bado, subiri. Usitoroke.

*

Jibu hilo nililituma kwa posta mwezi Julai kwa kuwa siku zilikuwa chache. Leo nalichapa kwa ruhusa ya mwenyewe, majina nimeyabadili. Ameniandikia tena:

"Nilimkuta baba anavuna ulezi. Aliisoma barua amesimama, halafu akaketi chini. Akauliza, 'Hamidi yu hai?' Nikasema ndiyo. Kisha akalitaja jina la yule mtoto, ambalo barua haikulitaja. Siku hiyohiyo alimweleza mama kila kitu.

"Jumapili mjomba alisimama, akaanza, 'Shemeji, kule Tanga...' Mama akamkatiza: 'Kaka, hayo ameniambia mwenyewe. Kaa chini.' Akakaa.

"Baba hakutoa ruhusa siku hiyo, na mimi sikuomba. Basil alikuja peke yake, wakazungumza uani mpaka chai ikapoa. Wiki iliyofuata baba aliteremka naye mlima kwa miguu, akalala Mtowisa siku mbili, akaikagua nyumba, akakagua na kisima, akamfanya Basil amwonyeshe njia yote ya kwenda ziwani. Alirudi miguu imevimba. Nilikuwa namkanda kwa maji ya moto alipomwambia mama, 'Ziwa ni mbali na ile nyumba. Nimetembea mpaka nimechoka. Waite washenga.'"