Neno la Siri Dukani kwa Bi Nana

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijawa kichekesho cha Likoni nzima, maana mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu niliyepanda juu ya meza na kuwatangazia wenzangu kwamba mapenzi ni kasumba ya kutulaza, na kwamba sitaolewa mpaka haki itawale nchi hii, wakanipigia makofi, nami leo nimeshindwa na simu!

Chuo kilifungwa kwa sababu ya maandamano yetu, nikarudi kwetu Mtongwe, na sasa kinafunguliwa nami sharti nijue kama ufadhili wangu wa masomo umeingia benki, na benki iko Nairobi, ina huduma mpya ya kumhudumia mteja kwa simu, ila kwanza ahojiwe kama mshukiwa wa uhaini. Simu niitumiayo ni ya dukani kwa Bi Nana, na wewe wajua kwamba simu ya duka huku kwetu ni mali ya hadhara. Karani, binti aitwaye Nafula, aliponiuliza nilikozaliwa nililirudia swali kwa sauti kwa kuwa laini ilikuwa ikikoroma, na kabla sijajibu Bi Nana akadakia, "Mtongwe! Mwambie Mtongwe!" Mzee Randu, aliyekuja kununua tumbaku, akapinga, "Mtongwe wapi? Kazaliwa Shelly Beach, uchungu ulimshika mamake njiani, wallahi mimi ndiye niliyekwenda kumwita mkunga," wakateta, duka likajaa, mwingine akalitaja jina la bibi yangu hata hakuulizwa, na Nafula akasema kwa upole wa kukera, "Dada, nasikia mnajibu kama baraza. Sasa nipe neno la siri, hilo unalijua wewe peke yako."

Mshauri, neno hilo nililichagua nilipofungua akaunti, nikiamini halitatamkwa kamwe mbele ya kiumbe. Neno lenyewe ni Ghalib. Ghalib ni mwana wa Bi Nana, na wakati huo alikuwa ubavuni pangu akipima sukari!

"Sema kwa sauti, dada, sikusikii," asema Nafula.

"Sema, mwanangu, sisi si wageni," asema Bi Nana.

Nikakata simu. Nimepiga tena na tena, kila mara nakwama papo hapo, na sasa Ghalib ananiuliza akicheka, "Hilo neno lina miba?" Je, ni haki benki kumlazimisha raia huru kuuanika moyo wake mbele ya mizani ya sukari? Nifanyeje?

Aliyefungwa Kinywa, Mtongwe

Mwanangu, pole, nami nimecheka mpaka mhariri akaja kuniuliza kama mimi ni mzima.

Benki haina kosa. Bila neno hilo, Mzee Randu angeifungua akaunti yako kwa kujua tu kitovu chako kilipozikwa. Jirani zako nao hawana kosa, wanakupenda kwa makelele. Mkosa ni wewe. Umenitupia "raia huru" na "kasumba", lakini Posta ya mjini ina vibanda vya simu vyenye milango, na feri haimtozi mwenda kwa miguu. Wewe uliyewakabili askari wa virungu, umeshindwa kuvuka kivuko? Hukushindwa. Hukutaka. Kila ukienda dukani unaitafuta siku ambayo jina litakuponyoka naye alisikie.

Basi usikubali karani wa Nairobi alisikie kabla ya mwenyewe. Nenda, mpe Bi Nana shikamoo yake, kisha umwombe Ghalib akusindikize Posta mchana kweupe. Njiani mwambie, bila hotuba. Akikupokea, awatume wazee kwenu, na haki ya nchi mtaidai wawili. Akikataa, ingia kibandani peke yako, litamke mara moja, ubadilishe neno, urudi masomoni kichwa juu.

Majina nimeyabadilisha, lakini waliokuwa dukani siku ile watajitambua tu, na gazeti hili linavuka feri asubuhi hii. Usiketi kulisoma mara ya pili. Vaa viatu.