Maksai wa Baba Mdogo Zakayo

Mama yangu,

Uliondoka kabla hakimu hajasoma hukumu, kwa hiyo nianzie hapo. Tulishinda. Shamba la Baba hapa Shianda ni letu, mimi na Rosa, ingawa Baba Mdogo Zakayo aliapa kortini kwamba mtoto msichana harithi kwao. Na hakimu akaongeza neno ambalo sikulitarajia: Zakayo atulipe gharama za kesi.

Nililia, Mama. Nilikumbuka siku uliyouza ng'ombe wako wa maziwa ili tumlipe wakili. Ulirudi na kamba tupu begani, ukasema, "Si kamba tunayo? Tutapata wa kumfunga."

Miezi ikapita, Zakayo hakulipa. Wakili wetu wa Kakamega akapata amri ya korti, dalali aje Alhamisi kuwachukua maksai wake wawili, wale wa kulimia. Mvua za kupandia zilikuwa zimeanza. Rosa alifurahi. Na mimi, nisikudanganye, nilifurahi siku nzima.

Jumatatu nikaenda kwa Zakayo. Nilimkuta akiwatupia majani. Hakuniangalia.

"Chukueni," akasema. "Mimi nalimanga na hawa, lakini chukueni. Nilimkosea mama yako, hata mazishi yake sikuja."

Mzee yule yule aliyekuita mgeni mbele ya watu! Nilikuwa nimemwekea maneno mengi, Mama, makali, ya miaka. Yakanipotea yote. Nikasema tu, "Baba Mdogo, pesa ya Mama lazima irudi. Ng'ombe sitaki."

Kesho yake tukaenda naye mjini. Wakili alinitazama kama niliyerukwa na akili, lakini aliandika: Zakayo atalipa mara tatu, kila akilipwa miwa yake, akikosa hata mara moja, dalali atakuja. Zakayo akatia kidole gumba. Rosa hakunisemesha wiki mbili.

Sasa malipo ya kwanza yamefika. Aliyaleta mwenyewe, amevaa koti lake la kanisani, akamkabidhi Rosa mkononi. Rosa alihesabu mara mbili. Kisha akanyanyuka, akamletea chai, na sukari akatia.

Shangazi tumemrudishia alichotukopesha. Rosa naye anarudi kwenye masomo ya ushonaji, yale aliyoyaacha kwa sababu ya kesi. Jana nimemsikia akiimba jikoni. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Zakayo ameomba aje kaburini kwako. Nimemwambia aje.

Pumzika, Mama. Malipo mawili yaliyobaki nitayafuatilia mpaka shilingi ya mwisho. Na nakuahidi, hati ya shamba ikitoka, jina la Rosa litakuwa kando ya langu, na mabinti tutakaowazaa hawatasimamishwa kortini kuulizwa kwao ni wapi.

Mwanao,
Felista