Tawi la Kwenye Dambo

Jumatatu, 2 Juni

Nimejaza upepo gurudumu la nyuma mara mbili. Linavuja polepole na sijaona tundu. Nimepeleka chisense za mama, dagaa wake wa kukausha, kwa wanawake wa vilimani, nikarudi na kapu tupu, nikapita kwenye lami kwa makusudi. Si njia fupi. Naipenda.

Lami ile haina gari hata moja. Mkandarasi aliitandaza juu ya vilima akaondoka kabla ya kujenga madaraja. Upande wa ziwa kuna dambo, bonde la nyasi na maji. Upande wa pili kuna mto. Gari haliingii. Baiskeli inaingia. Mihogo kulia, mihogo kushoto, unapanda, unashuka, na ukifika kilele cha tatu unaliona ziwa lote nyuma yako, mpaka ng'ambo ya Congo alikozaliwa mama. Kutoka pale sigusi breki. Natoa sauti kubwa kwa sababu hakuna wa kunisikia.

Mahali pengine sauti yangu haitoki.

Alhamisi, 5 Juni

Bamayo Kunda ameniita. Ndiye mama mwenye nyumba ya wageni pale ufukweni. Mgeni wake mmoja alimwambia kwamba kwao watu huendesha baiskeli kati ya vilima vya mizabibu, barabara hazina magari, na wanasafiri mbali kufuata raha hiyo. Akauliza kama huku kuna kitu cha namna hiyo. Bamayo hakujua. Wiki iliyopita nilimchorea njia yote nyuma ya karatasi yangu ya hesabu. Kila kilima, kila kivuli, kisima cha wale wanawake wa vilimani.

Leo amesema wageni wawili watakuja Jumamosi ya tarehe 14. Niwaongoze. Wakirudi wameridhika, kazi ni yangu mpaka mvua zianze.

Nilitikisa kichwa kukubali. Akasema nijibu kwa mdomo. Nikasema ndiyo.

Naitaka kazi hii kuliko kitu chochote. Tangu nimalize shule sina kitu ambacho ni changu. Lami ndiyo kitu ninachokijua kuliko wengine.

Nimemwambia Yaya Masengo peke yake. Ni binti wa dada yake mama, mkubwa kwangu, ndiyo maana namwita yaya; alikuja kutoka Pweto, ng'ambo, nikiwa na miaka saba, tunalala chumba kimoja. Ndiye aliyenifundisha baiskeli. Alikuwa akishika kiti nyuma, siku moja akaachia bila kusema, nikaenda. Leo amecheka mpaka akakaa chini. "Weye mutoto! Utaongoza bazungu na kutikisa kichwa tu?" Kisha akanikumbatia.

Jumatatu, 9 Juni

Malaria. Siku ya tatu. Masengo ananiletea uji na kupeleka chisense badala yangu. Siwezi kuandika zaidi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimesimama leo. Miguu bado ya mtu mwingine.

Kinachonitisha ni dambo. Mwezi huu maji yanarudi nyuma na njia zinahama. Iliyokuwa tope inakauka, iliyokuwa kavu inavunjwa na magurudumu. Mimi sijapita pale kwa wiki nzima. Ila wabeba samaki wana sheria yao. Anayetangulia alfajiri anazipima njia kwa mguu. Iliyo mbaya anaifunga: anavunja tawi bichi na kulilaza kwa upana. Wanaofuata hawaulizi. Mtu mwenye mzigo wa samaki mrefu kuliko kichwa chake hawezi kujaribu njia. Sijawahi kusikia tawi la uongo. Hata watoto watundu hawaligusi.

Masengo ameona nilivyo na wasiwasi. Amesema, "Lala, mudogo wangu. Ile siku nitatangulia na batu ba samaki, nitafunga njia mwenyewe. Weye uangalie bageni tu, sawa?"

Sawa. Mungu ambariki.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeaibika. Nitaandika kwa mpangilio.

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu. Wageni mume na mke, watu wazima, wapole. Kwenye njia panda ya dambo tawi lilikuwa limelala kulia. Kushoto palinitia shaka. Nyasi zilikuwa za kijani mno. Hapakuwa na alama mpya za magurudumu. Niliona. Naandika tena: niliona. Lakini tawi lilikuwa bichi, na Yaya ndiye aliyelilaza.

Nikaenda kushoto.

Tope la magoti. Gurudumu la mbele lilizama lote. Yule mama mgeni alianguka ubavu, kiatu chake kimoja kikabaki chini. Nilitaka kumwambia pole. Nimesoma Kiingereza miaka kumi na miwili na hakuna neno lililotoka.

Kisha Masengo akatokea upande wa kulia, mkavu, kitenge safi, akipiga kengele. Kiingereza chake ni cha sokoni lakini hakimtishi. Aliwatania wakacheka. Akawatoa, akaenda nao mpaka lami. Mimi nilibaki kutafuta kiatu. Nilikipata.

Jioni Bamayo Kunda ametuma mtu. Kazi ni ya Masengo.

Jumapili, 15 Juni

Masengo anasema lazima watoto walisogeza tawi. Kanisani nimeomba nisamehewe mawazo yangu.

Jumatano, 18 Juni

Leo nimemkuta mzee Bashi Chomba kisimani, amelaza baiskeli anakunywa maji. Amebeba samaki kutoka Kabuta tangu kabla sijazaliwa. Sikumuuliza kitu. Yeye ndiye aliyeanza, kwa huruma, kwa sababu habari ya kiatu imefika kila mahali.

"Lakini mwana, ulipitaje kushoto? Tawi lilikuwa kushoto. Sisi wote tulipita kulia."

Akafunga kamba za mzigo, akafikiri.

"Dada yako alitufikisha lami, halafu akarudi chini peke yake. Nilidhani amesahau kitu."

Alingoja samaki wapite kwanza.

Nimerudia sentensi hiyo njia nzima. Alikuwa mwaminifu kwa samaki. Kwa Bashi Chomba, kwa kila mtu mwenye kapu. Alingoja wa mwisho apande, akashuka, akaliinua tawi akalihamisha kwa ajili yangu mimi tu. Kisha akajificha mahali fulani pakavu, akangoja nizame.

Na uji alinipa kwa mkono wake.

Ijumaa, 20 Juni

Nimemuuliza. Alikuwa akisuka nywele zake mbele ya kioo. Maneno yangu yalikuwa matatu: "Ulihamisha tawi, Yaya."

Hakugeuka. Nilifikiri atakataa. Ningependa angekataa.

"Weye uko na cheti," akasema. "Mwaka ujao utaenda koleji. Mi niko na nini hapa? Kubeba samaki ya mama yako mpaka nizeeke?" Akamaliza msuko mmoja, akaanza mwingine. "Na weye ungeshindwa tu. Hauwezi kusema na batu. Mi nilikuokoa na aibu."

Hayo ya mwisho ndiyo yaliyonichoma. Kwa sababu amelala kitanda cha pili miaka kumi na moja, na anajua ni wapi pa kuchoma.

Ninamchukia. Bado nimemsaidia msuko wa nyuma, ule ambao mkono wake haufiki. Sijui kwa nini.

Jumanne, 24 Juni

Bamayo Kunda ana mchoro wangu ukutani, nimeuona kupitia mlango. Nilitaka kuingia nimweleze. Nilisimama kwenye ngazi mpaka mfanyakazi akaniuliza kama nauza samaki. Nikasema ndiyo. Sikuwa na samaki.

Jumamosi, 28 Juni

Leo niliondoka wa kwanza, kabla ya wabeba samaki. Masengo aliniona nikitoka. Wageni wake walikuwa wanne, wa saa moja.

Kwenye dambo nilivua viatu nikapima kwa mguu. Njia ya kulia imechoka, magurudumu yameivunja, juu ngozi kavu na chini uji. Kushoto pale nilipozama sasa pagumu kama sakafu. Nilivunja tawi. Nilikaa nalo mkononi kwa muda. Niliwaza jambo ambalo sitaliandika. Kisha nikalilaza kulia, mahali pake.

Bashi Chomba na wenzake walinikuta kwenye kilima cha kwanza. Wakavu wote. Aliinua mkono, akapita. Mimi nikakaa kula muhogo. Kutoka pale dambo lote linaonekana.

Masengo alifika na wageni nyuma yake kwa mstari. Akasimama mbele ya tawi. Akatazama kulia, njia anayoijua. Akatazama kushoto, mahali pa tope langu. Akatazama tawi tena. Wageni wakashuka kwenye baiskeli, mmoja akatoa chupa ya maji. Yeye bado amesimama.

Nikainuka. Nikaita, "Yaya, kushoto! Pita kushoto!"

Ilitoka kubwa. Ilikuwa ile sauti ya kwenye mteremko. Ilifika chini, kwa sababu wageni wote waliinua vichwa na yeye akanitazama. Muda mrefu.

Kisha akaliinua tawi langu, akalitupa nyasini, akaingia kulia.

Sikukaa kutazama. Nilipanda lami. Kilele cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwenye mteremko nilishika breki mpaka chini.

Niliporudi damboni, njia ya kulia haikuwa na mtu, mashimo tu ya miguu na magurudumu yamejaa maji. Nililitafuta tawi nyasini nikalirudisha mahali pake. Kesho alfajiri watu watapita na samaki.

Bamayo Kunda ametuma mtu nifike kwake Jumatatu. Nitaenda. Nitajibu kwa mdomo.

Viatu vya Masengo viko mlangoni, tope tupu. Vyangu nimevihamishia upande wa pili.