Supu ya Njegere ya Sista Pauline

Jumapili, 6 Juni 1965

Sista Pauline amekataa uji tena. Juzi alikataa mayai. Leo nimemchemshia kuku mpaka nyama ikaachana na mfupa – ameonja mchuzi kidogo akageukia ukutani. Malaria imemwachia macho na mifupa tu.

Padri alinifuata jikoni, akanena kwa sauti ya chini. Daktari wa Homa Bay anakuja Ijumaa kumtazama. Asipokula, watamrudisha kwao Ulaya.

Kwao wapi? Ndugu zake wamekwisha kufa wote. Amezalisha nusu ya Migori hii. Mwanangu Nyasuguta alikuja duniani kitovu kimemzunguka shingo, na ni mikono ya Sista iliyomfungua. Anataka kuzikwa hapa, nyuma ya wodi ya wazazi, na hilo kila mtu wa misheni analijua. Leo nilimkuta analia. Alisingizia moshi. Moshi gani, na jiko liko mbali huko!

Jioni nikamwuliza, Sista, kwani roho yako inataka nini? Akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema: supu ya minji na muguu ya nguruwe. Ile alipika mama.

Nguruwe! Na mimi Msabato!

Jumatatu, 7 Juni

Si kwamba sijawahi kumpika. Mapadri wanakula nguruwe, na mshahara wao ndio unaowalisha watoto wangu. Lakini namgeuza kwa uma, na kamwe sionji. Mwonjaji wangu ni Onyango wa bustanini. Huyo ni Mkatoliki, tena anapenda kuitwa. Namchotea kijikoni, anafumba macho kama askofu, ananiambia: ongeza, au acha. Miaka yote tumekwenda hivyo na hakuna aliyelalamika.

Sasa Onyango yuko Rodi Kopany kwa matanga ya shangazi yake. Hakuna ajuaye atarudi lini.

Paja la nguruwe lipo stoo, lile Padri alilolileta kutoka Nairobi, limekaushwa kwa chumvi na moshi. Gumu kama gogo. Njegere kavu, ndizo hizo anazoita minji, nimezipata duka la Mhindi, zile zilizopasuliwa. Mhindi mwenyewe alikuja kuniuliza hali ya Sista. Hata yeye!

Nimemweleza mume wangu. Mokaya ni shemasi kanisani, nikajua atanuna. Akanuna kweli. Akasema nguo hizo za jikoni nizianike nje, zisiingie chumbani. Baadaye, tukiomba, nikamsikia anamtaja Sista Pauline kwa jina. Nimempenda mume wangu usiku huu.

Jumatano, 9 Juni

Nimepika!

Niliosha njegere, nikatia kitunguu, karoti, kipande cha paja na mfupa wake. Nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Ikawa nzito, ya kijani, harufu imejaa mpaka kanisani kwao. Nikatia chumvi kwa mkono, kama ninavyotia kwenye supu ya kuku. Mkono wangu haunidanganyi.

Nikampelekea. Akaketi – akaketi mwenyewe! Akala nusu bakuli nzima. Akasema, Kemuma, mzuri sana, mzuri sana. Machozi yalimtoka. Nikadhani amemkumbuka mama yake.

Nimerudi nyumbani ninaimba njia nzima. Mokaya akaniuliza kama nimeokota dhahabu kwenye machimbo ya Osiri.

Alhamisi, 10 Juni

Aibu yangu!

Asubuhi nilikuta jagi la maji la Sista tupu, na la sista mwenzake wa chumba cha pili tupu vilevile. Midomo imemkauka. Nikamwuliza, akasema ni joto. Joto gani, na jana mvua ilinyesha?

Onyango akatokea, matanga yamekwisha. Nikamwita upesi, nikampa kijiko cha ile iliyobaki. Hakufumba macho. Alitoka mbio akatema kwenye kabichi, akaniita binti wa Kisii kwa Kijaluo chake:

– Nyar Kisii, hii ni supu ama ni dawa ya ng'ombe?

Kumbe paja lile lenyewe ni chumvi tupu! Linatakiwa kulala kwenye maji kwanza, nami nikaliongezea chumvi nyingine juu yake. Mwanamke yeyote anayelamba mwiko wake angejua. Mimi nilijua nini? Na yule mgonjwa akameza nusu bakuli nzima, na kunisifu juu!

Nikaenda nikapiga magoti kando ya kitanda. Sista, kwa nini hukusema? Akanishika kichwa. Akasema nilikuwa nimeleta supu nikicheka, na yeye hakuwa ameona mtu akicheka chumbani humo kwa siku nyingi.

Nililia, naye akanipangusa kwa ncha ya shuka, yeye mgonjwa!

Paja nimeliloweka kwenye karai. Onyango ameahidi kubadilisha maji nikiwa nyumbani. Njegere pia nimeziloweka.

Ijumaa, 11 Juni

Nimekuja kabla ya jogoo, ili nimalize mapema kabla Sabato haijaingia. Nimetoa jiko la makaa nje, nikaliweka barazani karibu na dirisha la Sista. Aniongoze mwenyewe, nisikosee tena.

Akaegemea mito, akaamrisha kama zamani zile wodini. Mfupa kwanza. Povu toa. Kitunguu kata ndogo, Kemuma, si hivyo, ndogo! Njegere zilipokuwa zinakataa kuiva, nikatia magadi chembe, kama tunavyofanya na maharagwe kwetu. Nikamwambia kwa woga. Akacheka mpaka akakohoa: na mama yake alikuwa anatia soda kwa siri, baba asione.

Chumvi – hata punje! Onyango akaonja. Akafumba macho. Akalamba kijiko mbele na nyuma mpaka nikataka kumpiga na mwiko.

– Hii sasa ni supu. Weka mimi bakuli.

Daktari alifika mchana, viatu vyote matope ya barabara ya Homa Bay. Sista alikuwa tayari kwenye meza ya ukumbi wa kulia, ukuta mmoja na jikoni, kitambaa cheupe kichwani, Rozari mkononi. Alinikonyeza. Akaanza kula mbele ya daktari, kijiko baada ya kijiko, bila kusaidiwa, mgongo wima. Nilisimama mlangoni nikijizuia kupiga vigelegele.

Akalikomba bakuli lote.

Nilichukua bakuli nikaja jikoni kupumua, na daktari akanifuata huku. Mzungu mpole, uso mzuri. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

– Wewe pishi mzuri sana. Wakubwa ya Sista nasema yeye rudi Ulaya, tangu mwezi ile nyingine. Mimi naogopa safari itaua yeye. Sasa mimi naona nguvu iko. Jumanne motokaa itakuja. Usiambie yeye sasa, acha yeye kula kwanza.

Kwa hiyo ilikuwa imeamuliwa! Padri hakujua, au alielewa nusu. Walikuwa wanangoja tu apate nguvu. Na nguvu nimempa mimi, kwa mkono wangu huu, kwa mnyama nisiyemgusa. Laiti ningemwacha na ile ya chumvi! Mungu nisamehe, nimewaza hivyo.

Naandika nimesimama, karatasi juu ya meza ya unga, penseli inateleza. Jua limeshaanza kuinama. Daktari amerudi kwake mezani. Nawasikia wanazungumza Kizungu, Sista anacheka. Anafikiri ameshinda.

Ananiita sasa. Sauti imekuwa kubwa, sauti ya wodini kabisa.

– Kemuma! Iko ingine? Leta, daktari aone!

Bakuli lake liko mkononi mwangu. Sufuria bado nusu, ina moto. Nikimwambia imekwisha, atalala na njaa. Nikimpakulia –

Ananiita tena.