Njia ya Bwawani

Nakivale,
23 Juni 2024

Kwa yaya wangu Munezero, uliyenitangulia kuzaliwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, shemeji na watoto, na mguu wako uwe umeacha kuvimba. Sisi huku kambini tunaendelea. Mahindi yametoka vizuri, ila ng'ombe wamekonda kidogo.

Uliniuliza juu ya njia ya bwawani. Ni kweli ilifungwa. Mfugaji mmoja wa upande wa Endiinzi alizungusha seng'enge mwezi wa kwanza, na wanawake wetu wakawa wanazunguka mlima mzima kutafuta maji. Jirani yetu Jeannette, yule Mrundi, alianguka na jerikeni akiwa na mimba ya miezi saba. Mtoto alipona, lakini siku hiyo watu walisema basi.

Ndipo alipokuja avoka, mwanasheria kutoka Mbarara, jina lake Constance. Siku ya kwanza alileta karatasi zikiwa tayari, akataka watu watie sahihi apeleke kesi kortini. Mama Kanyange, yule mjane tuliyesali naye kule kwetu, akamwambia: "Mwanangu, ukisha kushinda utarudi Mbarara. Siye tutabaki kuikala na ule mtu. Umetuuliza tunapenda nini?"

Constance alifunga faili lake, akaomba msamaha. Tangu hapo alikuja kila Alhamisi kwa bodaboda, akakaa mkekani pamoja na akina mama. Yeye alieleza sheria inasemaje. Wao walimweleza njia ilipita wapi na nani aliitumia tangu mwaka gani. Ramani walichora wenyewe. Wakakubaliana kuanza na mazungumzo mbele ya viongozi wa wilaya kule Isingiro, korti ingojee kama hayo yangeshindikana.

Siku ya kikao yule mfugaji alitoa karatasi iliyosema mwakilishi wa wakimbizi alikubali njia ifungwe. Sahihi ilikuwa imekorogwa tu, haisomeki. Wote waliapa hawaijui.

Yaya, najua watu wa kanisa walikuambia kwamba ni mimi niliyeipigania njia ile. Sahihi ilikuwa yangu. Yule mfugaji aliniahidi fasi ya kulishia ng'ombe wangu watatu, nami nikatia sahihi kama mwakilishi bila kumuuliza mtu, hata mke wangu. Miezi minne nilikaa mkekani nikiandika kumbukumbu za vikao vyao, nimenyamaza.

Pale Isingiro nilisimama nikasema yote. Constance hakunikaripia. Aliwageukia akina mama, akawauliza wanataka afanye nini na maneno yangu. Mama Kanyange akajibu yaandikwe, nitie sahihi mbele ya wote, maana yanaonyesha kuwa hakuna aliyenituma. Jumatatu iliyofuata seng'enge ilifunguliwa.

Sasa watu wanapita. Jeannette tukikutana hunitazama tu, haitikii salamu yangu. Kazi ya uandishi wamempa mke wangu Benitha, naye ameikubali bila kuniuliza. Nimeona nikuambie mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine. Uniombee, lakini wakinisema vibaya, usinitetee.

Benitha anakusalimu sana. Msalimie shemeji, na wanao uwashike mikono kwa niaba yangu. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Ezira