Jina Lako Halitoki, Mama

Mama yangu Wambui,

Huko uliko najua hujakaa. Kama kuna kiti walikupa, kimeshapoa zamani. Basi nisikilize hivyo hivyo ukitembea, maana leo mwanao wa mwisho amekasirika, na hasira yangu unaijua. Imewahi kuwanyamazisha askari wa mpakani wenye bunduki. Shule niliiachia darasa la saba, sawa, lakini dunia nimeisoma juu ya lori la mizigo kutoka hapa Nairobi hadi Goma, na kote huko sijaona upuuzi kama nilioukuta Makongeni, ndani ya ile nyumba ya reli ulikonilea.

Walitaka kumvua mjukuu wako jina lako.

Binti yangu alizaliwa mwaka uliofuata baada ya wewe kutuacha, na kwa desturi yetu msichana wa kwanza hubeba jina la mama ya baba. Akawa Wambui. Mimi simuiti hivyo, namwita Mama. Hapa Dandora majirani wameshazoea kuona jitu zima, kifua kama mlango wa stoo, limesimama kwenye ngazi likiita, "Mama, kuja ukule!" kisha anatokea mtoto wa miaka minane na kiatu kimoja mguuni. Cha pili usiulize. Siku moja tulikitoa kwenye ndoo ya unga.

Huyo ndiye wewe mpya. Ukimtuma sukari, anarudi na habari za paka aliyezaa. Akianza hesabu, penseli inachora, mguu unapiga ngoma, macho yako dirishani. Halafu analia kwa sababu alitaka kweli kumaliza. Hicho kilio ndicho watu hawakioni, Mama. Wanaona fujo tu.

Mwalimu wake alimweka nyuma kabisa, uso kwa ukuta. Nilipoenda shuleni aliniambia mbele ya wazazi wenzangu, "Baba Wambui, huyu si mgonjwa, ni mtundu. Mpige kidogo atatulia." Kidogo! Kama chumvi. Jirani wa chini akasema tumemdekeza. Watoto wa ploti wakamwita Kichaa, naye akaanza kuitikia. Siku niliyosikia mtoto mwenye jina lako akiitikia jina hilo, niliingia ndani nikakaa kitandani bila kuongea, na wewe unajua mimi kutoongea ni dharura.

Mke wangu Mwende ndiye aliyesema twende kliniki. Mwende ni Mkamba, haongei sana, lakini akiamua, hata mimi navaa viatu. Tukaenda naye mtoto, na tukamchukua Tata Nyokabi, mdogo wako, kwa sababu ndiye anayemtunza Wambui jioni tukiwa kazini. Dokta alikuwa msichana mdogo, akaongea na mtoto kwanza kabla ya kutusikiliza sisi. Aliuliza maswali mengi, akatutaka tumletee na maoni ya mwalimu, tukarudi tena. Ndipo akatuambia ni ADHD, hali ya ubongo inayomnyima mtoto utulivu. Akasema si mapepo, si malezi mabaya, si ukaidi. "Huyu mtoto anasikia na anaelewa," akasema. "Ila ubongo wake unapata taabu kushika breki."

Hapo nikakaa vizuri. Breki naijua. Gari ambalo breki zake zinashika kwa shida hulichapi viboko. Unalijua, unapunguza mwendo mapema kabla ya mteremko, na halichoki kukufikisha.

Halafu dokta akauliza, "Mara nyingi hali hii huwa ndani ya familia. Kuna mtu wenu aliyekuwa hivi?"

Tata akajibu haraka kuliko umeme, "Hakuna. Sisi ni watu watulivu."

Mama! Nilikohoa mpaka Mwende akanipa maji.

Watulivu? Wewe uliyeleta chai mezani bila majani, mara si moja, tukanywa maziwa moto na sukari tukinyamaza kwa heshima? Wewe uliyekuwa unasuka watu nywele kwenye veranda, unauza mahindi ya kuchemsha, unafua, na unaamua kesi ya majirani, yote asubuhi moja, na hakuna hata moja iliyoisha kabla ya saa sita? Nakumbuka ile siku uliona kanjo, askari wa jiji, wakimnyang'anya mama mboga bidhaa zake huko barabarani. Uliangusha kitana, ukatoka mbio bila viatu, mimi nyuma yako. Ulibishana nao mpaka wakaacha mzigo wote, na yule mama akakupa kabeji mbili. Ukarudi ukiimba, ukaanza kupika kabeji. Mtu uliyemwacha kwenye kigoda akakaa hapo na upande mmoja wa kichwa umesukwa, mwingine umesimama kama ufagio. Uliponiona nacheka ukasema, "Wewe, nimesahau nini?"

Kichwa kile kilikuwa cha nani? Ngoja, nitafika.

Tulipotoka kliniki nikamuuliza Tata kwa nini alidanganya. Akasema, "Siwezi kumtaja marehemu mbele ya daktari kama mtu mwenye kasoro. Dada yangu amelala, mwache alale." Nikafikiri yameisha. Kumbe alibaki akipika jambo lake. Kama mtoto hatulii, na hakuna ugonjwa wa familia, basi tabia hiyo imetoka kwenye jina la marehemu. Jumapili akatuita Makongeni, anakoishi sasa, kwa chakula, tukakuta kikundi chake cha maombi kimejaa sebuleni, na mhubiri ana chupa ya mafuta. Wanataka kuvunja kifungo. Jina Wambui litoke, mtoto aitwe Patience.

Patience, yaani Subira, Mama! Badala ya jina lako wewe uliyeshindwa kungoja chai ichemke!

Mimi maombi siyakatai. Nimeombewa mpakani Malaba nikiwa na malaria, nikaona faida yake. Lakini nieleze, ni maombi gani yanaanza kwa kumwambia mtoto kwamba yeye mwenyewe ndiye laana? Na mtoto alikuwa pale, anasikia! Alikuwa amejificha nyuma ya Mwende, ameshika sketi yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa ametulia kabisa. Walifurahi. "Mnaona? Jina linaogopa!" Si jina lililoogopa, nyinyi! Ni mtoto!

Wakati wao wanatafuta mafuta, sisi nyumbani tulishaanza kazi. Dokta alitutia kwenye kikundi cha wazazi pale kliniki, na huko tumefundishwa kama watu wanaojifunza gari jipya. Sasa simwambii Mama "oga, vaa, kunywa chai, beba begi" kwa pumzi moja. Namwambia moja, akimaliza namsifu hapo hapo, halafu namwambia ya pili. Viatu vina kreti yake mlangoni, ameipaka rangi mwenyewe. Kabla ya homuweki anaruka kamba juu ya paa la ghorofa, kisha anafanya hesabu kidogo, anapumzika, anarudi. Tata alipewa mafunzo haya haya, akakataa kuyafuata. Mwende alikaa na mwalimu wa mtoto, pole pole, mpaka mwalimu akakubali: mtoto akae mbele, na ndiye afute ubao, apate sababu halali ya kusimama. Dokta amesema dawa zipo zikihitajika, na hiyo si aibu. Mambo mepesi, Mama, ila kuyashika kila siku ndiko kunatoa jasho. Bado kuna jioni ambazo tunalia wote watatu. Lakini kinachonichoma ni hiki: nani alikuwa amekataa kutuambia miaka yote hiyo? Tulisoma na watoto wangapi huko Makongeni waliochapwa kila asubuhi wakaitwa mbumbumbu, wakaacha shule wakiamini?

Basi, Jumapili. Mhubiri akafungua chupa. Nikasimama. Nilitaka kutukana katika lugha tano, ninazo, lakini nikamwona mtoto. Nikamgeukia Tata peke yake.

"Tata, siku ya ruracio yako, wakwe walipokuja na mbuzi wa mahari, kwa nini ulijifunga kitambaa kichwani mchana kutwa? Waambie hawa ni nani alikuacha na nusu ya nywele akaenda kupigana na kanjo."

Tata akanitazama kwa macho yale ya kuchuna ngozi. Nikasema moyoni, leo nalaaniwa mimi.

"Uongo," akasema. "Haikuwa nusu. Alikuwa amesuka mistari minne tu."

Kisha mdomo ukaanza kumtetemeka, sikujua ni kicheko au kilio, na nadhani naye hakujua. "Na wakwe wakasema, bibi harusi ana heshima, amejifunika." Akina mama wa maombi wakavunjika mbavu. Akafuta macho kwa kanga. "Huyo mama mboga," akasema, "alinilipia keki ya harusi. Kwa ajili ya dada yangu." Akachukua kifuniko, akamfungia mhubiri chupa yake. "Pasta, kula kwanza. Jina halitoki."

Wambui akachungulia nyuma ya sketi. Tata akajipigapiga magoti kumwita. "Wambui. Kuja hapa nikusuke."

Alimsuka, Mama. Ilichukua jioni nzima, kwa sababu kichwa kilitoroka kila baada ya mstari, na Tata akangoja kirudi, akamsifu, akaendelea. Hivyo hivyo tulivyofundishwa.

Juzi tulirudi kliniki. Kabla dokta hajafungua mdomo, Tata akaketi mbele kabisa, akaweka mkoba magotini. "Lile swali lako la familia," akasema. "Andika: dada yangu. Na uandike alikuwa mtu mzuri sana."

Tembea salama huko, wala usiketi kwa ajili yetu.

Mimi mwanao wa mwisho, na sasa baba yako,

Baba Wambui