Mke Mwenza Mwenye Injini Mbili

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Duka la Dawa.
Jumapili, baada ya chai.

Mpendwa wifi yangu,

Kabla ya lolote, magoti yanasemaje? Mara ya mwisho uliniambia la kulia linakubali ngazi na la kushoto linagoma. Natumaini yamekaa kikao yakapatana. Na shemeji je, bado anakoroma mpaka jirani anagonga ukuta? Mpe salamu zangu akiamka.

Sisi huku wazima. Mimi ni macho tu. Siku hizi uzi na sindano vinakutana kwa bahati. Binti yetu muuguzi amehamishiwa wodi ya watoto na anasema huko angalau wanaolia wana sababu. Ama kaka yako, yeye ni mzima kupita kiasi. Ameiva kwa jua, tumbo limepungua, na asubuhi anapiga mluzi bafuni. Mwanamke yeyote mwenye akili akimsikia mume wa umri ule anapiga mluzi bafuni, anajua kuna mtu.

Na yupo, wifi. Kaa chini kwanza. Kaka yako ameniletea mke mwenza. Ana vyumba viwili vya kulala, jiko, choo na injini mbili. Mimi namwita Bi Mdogo.

Najua keshakupigia simu kukueleza habari za safari: kwamba bahari ikitulia atafuata pwani, gati hadi gati, mpaka bandarini kwenu. Ambalo hakukwambia ni kwamba mimi nilisema siji. Kama nimeshikilia hapo au sikushikilia, utaliona ukifika chini. Usiruke mistari, nakujua.

Nianzie mwanzo, maana wewe ulituacha tukiwa watu wa kawaida. Kaka yako, unakumbuka, maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi wa lifti. Alishinda kwenye mashimo ya maghorofa, gizani, akipanda na kushuka. Siku aliyostaafu akasema sasa anataka kitu kinachokwenda mbele. Nikadhani anataka baiskeli, hata nikamshonea suruali ya kuendeshea. Akaja na boti. Mkuukuu, rangi imebabuka, amelala kwenye magogo kule kwenye karakana ya bandari ndogo kama ng'ombe mgonjwa. Nilipomwona nilicheka. Nilimcheka mwanamke mwenzangu kwa sura, na sasa nalipa.

Maana alimpenda, wifi. Kwanza alimkwangua mwili mzima kwa mkono, akampaka rangi tabaka kwa tabaka, na kati ya tabaka na tabaka alimpapasa kwa kiganja kuona kama amelainika. Mimi nikisema mgongo unauma naambiwa ninyooke. Kisha zikaanza zawadi. Bamba za sola juu ya paa. Jokofu jipya. Usukani unaojiendesha wenyewe ukishaambiwa njia. Kijiinjini kingine kule mbele, kazi yake ni kumsukuma pua kulia au kushoto anapoingia gatini, asijichoshe. Godoro jipya, zito, la kukatwa kwa vipimo vya kitanda chake. Letu hapa nyumbani limebonyea katikati, tukilala tunakutana bondeni tutake tusitake. Na choo, wifi! Choo cha kubonyeza kitufe. Hapa nyumbani mkono wa choo umekatika tangu masika, tunamwagia kwa ndoo. Nikamwambia, "Baba, na huku je?" Akanijibu, "Hiki cha huku kinasubiri tu, cha kule kinatikisika." Hebu niambie hilo ni jibu la mtu mwenye akili timamu.

Nami kwa wivu nikafanya langu. Aliponiomba mapazia ya madirishani nikayashona kwa mabaki ya sare za shule, yale ya kijivu na marinda ya damu ya mzee. Nilijua yatamkataa. Yakampendeza! Sasa anaonekana kama mwanafunzi wa darasa la tano, na watu gatini wanauliza nani kashona.

Usidhani sikupanda. Nilipanda. Safari ya kwanza tulikwenda hadi ghuba ya karibu, ile yenye mawe meupe, na mimi nilitapika kwenda na kurudi, katikati nikapumzika kidogo. Ya pili nilikaa vizuri. Ya tatu, nisikufiche, nilianza kupenda: tulitia nanga nyuma ya kisiwa kidogo, maji yametulia kama chai kwenye sahani, kaka yako akakaanga mayai na kuniletea sitahani. Nikasema moyoni, huenda wake wawili wakaishi.

Halafu tukaenda mji ule wenye soko refu la vitambaa kando ya gati.

Sasa elewa jambo moja. Kumwegesha Bi Mdogo gatini ni kazi ya watu wawili. Kaka yako anakuwa juu kwenye usukani, mimi nasimama omo, huko mbele, na kamba mkononi. Nikifika karibu nashuka, nafunga kamba kwenye kigingi. Injini zinanguruma, upepo unavuma, hatusikiani. Kwa hiyo anafoka. Mwanaume ambaye tangu anioe hajapata kunipandishia sauti, hata siku ile nilipounguza suruali yake ya kwendea mahakamani kwenye kesi ya kiwanja, alisimama pale juu mbele ya gati zima la watu wanaokunywa chai akapiga kelele:

"Kamba! Kamba, mwanamke! Unangoja nini?"

Mwanamke. Mimi. Na hapo hapo, pumzi ileile, akainamisha kichwa kwenye usukani akabembeleza, "Taratibu mama, taratibu, hivyohivyo, umefanya vizuri." Hayo hakuambiwa mkewe, hakuambiwa wifi yako. Aliambiwa boti. Yeye anabembelezwa, mimi nafokewa.

Nilishuka na kamba machozi yakinilengalenga, nikafunga. Lakini unajua mikono yangu, imefanya kazi moja maisha yote. Ikafunga kwa namna inayoijua: kama ninavyomalizia bandi, ule mshono wa muda tunaoshikizia nguo kabla ya cherehani, ambao ukivuta uzi mara moja tu unatoka wote. Nikajiendea sokoni bila kugeuka. Kaka yako akazima injini akaingia chooni, kwenye kitufe chake. Mkondo ukavuta mara moja tu.

Nilikuwa nashika kitambaa cha pamba kizuri sana niliposikia gati lote linacheka. Kugeuka, Bi Mdogo yuko katikati ya bandari, anazunguka polepole kama mgeni anayetafuta kiti, na kichwa cha kaka yako kimetokeza kidirishani, kinatazama gati likiondoka. Mzee mmoja wa chai akanigusa bega. "Mama, mumeo huyo anakuacha?" Nikamwambia, "Hapana baba, nimemwacha mimi, kwa mkono wangu."

Tulirudi nyumbani. Ulikuwa mwendo wa siku nzima; jaribu kununa siku nzima kwenye sebule yenye upana wa meza ya kupigia pasi. Tulipofika nikamwambia mimi na Bi Mdogo basi. Kwa dada yako nenda naye mwenyewe, mkapigwe picha. Nikarudi kwenye cherehani yangu, nikampa mgongo, nikakanyaga pedali.

Hakubishana. Alikaa mezani nyuma yangu akala wali wake. Kesho yake hivyohivyo. Akaenda bandarini peke yake akarudi peke yake, na mluzi ukakatika. Ningetakiwa nifurahi. Nilifurahi kidogo asubuhi, kufika mchana furaha imekwisha.

Aliyeniokoa ni jirani yetu wa gatini, mke wa daktari mmoja wa meno mstaafu, mwanamke wa kofia kubwa tunayemwita Mama Kofia. Alipita chumba changu cha mbele, ninaposhonea watu, kupunguziwa gauni, akasema wakati nimebana pini mdomoni na siwezi kujibu: "Wewe unadhani ni nyie peke yenu mnaofokeana kwa ajili ya kamba? Mimi na daktari tulikaribia kugawana watoto, tena watoto wenyewe wana wajukuu. Nunueni hedifoni." Ni zile za kuvaa kichwani, zina maiki inayokuja mpaka mdomoni. Mnaongea kwa sauti ya chumbani, mmoja mbele, mmoja juu, hakuna wa kufokewa. Gati zima, kumbe, wanaziita amani ya nyumba.

Kaka yako alizinunua siku ileile. Akaziweka juu ya cherehani yangu, akasimama. "Mara moja tu," akasema. "Tutoke, tugeuke, turudi gatini. Ikishindikana, nitakwenda peke yangu, wala sitakuuliza tena." Nikakubali. Nilikubali, wifi, ili ishindikane.

Jumamosi ya wiki iliyopita tukatoka. Mimi nikakaa omo na kidude changu masikioni kama rubani. Tukazunguka boya la mwisho. Kabla ya kuingia gatini kaka yako akauachia usukani ujiendeshe, akashuka kukagua injini kama anavyofanya kila mara. Ile tabia ya lifti, hawezi kufika ghorofa yoyote bila kugongagonga. Akasahau kwamba maiki iko mdomoni.

Nikasikia anagonga. Halafu nikasikia, polepole kabisa, sikioni mwangu:

"Sikiliza, mama. Leo usiniaibishe. Yule aliyekaa kule mbele nimemtoa kwenye cherehani kwa taabu. Miaka yote nakula chakula changu natazama mgongo wake. Nilikuwa nikirudi kutoka mashimoni nina hadithi za siku nzima, nazikuta zinashindana na kelele za pedali. Anaiimbia, unajua? Anaiimbia cherehani. Wewe hata kuimba huimbiwi, wewe ni bati na mabomba, kesho nikitaka nakuuza. Lakini hapa ndani hakuna cherehani. Hapa ananitazama mimi. Akishuka leo asirudi, mimi nitakwenda wapi na vyumba viwili?"

Wifi, sikujua nilie au nicheke. Cherehani! Kumbe wakati mimi nahesabu zawadi za Bi Mdogo, mwenzangu kaishi nyumba moja na mume mwenza wa chuma, tena wa zamani kuliko yeye. Niliingia naye kwenye ndoa nikamweka chumba cha mbele penye mwanga. Na kweli namwimbia. Nilikuwa sijui kama kuna mtu anasikiliza.

Nikasema kwenye maiki, "Nakusikia."

Kugonga kukakoma. Injini tu.

"Tangu wapi?"

"Tangu 'sikiliza, mama'."

Kisha nikasikia anapanda ngazi, anahema, anashika usukani. Na sauti ikaja ndogo, yenye adabu, kama ya mtu anayeomba chumvi ugenini: "Basi mke wangu. Ukiwa tayari, kamba."

Nilifunga, wifi. Safari hii sikufunga bandi. Nilifunga kama ninavyoshona kifungo cha koti la mtoto mtundu, nikapitisha mara tatu na kuvuta kwa moyo wote. Kaka yako alishuka akaijaribu ile kamba kwa mguu, akaitikia kwa kichwa. Akanishika mkono mpaka nyumbani, gati zima linatazama, Mama Kofia akipunga kofia.

Usidhani wivu umekwisha. Wivu upo, una afya kuliko sisi sote. Jana tu nimemkuta anamfuta vioo kwa fulana niliyomnunulia mimi. Lakini tumewekeana masharti. "Mama" ni mimi. Boti ataiita "wewe". Mkono wa choo cha nyumbani umetengenezwa, nao unafanya kazi kwa hasira mpaka maji yanaruka. Mimi kwa upande wangu nimemwachia fundi mwenzangu kazi za sare mpaka tutakaporudi, na cherehani nimeifunika shuka. Kaka yako alisimama mlangoni akitazama nafunika. Mtu aliyeshinda kesi mahakamani hana uso ule.

Sasa nakuomba jambo, na nakuomba kama mtu na wifi yake. Tutakapoingia bandarini kwenu utakuwa umesimama gatini, na macho yako yatamwona Bi Mdogo kwanza, maana ni mweupe na ni mkubwa. Ni mzuri, nakubali, usiku nalikataa mchana nalikubali. Lakini usimsifu. Nisifu mimi kwanza: sema nimepungua, sema rangi imenipendeza, danganya tu. Ukishindwa kujizuia, msifu nikiwa msalani.

Nisalimie watoto wote, na yule mdogo wako mwalimu, mwambie suruali yake iko tayari, naileta. Msalimie na mama mkwe wako, akiuliza nani anakuja mwambie ni yule wifi mwenye maneno mengi. Binti yetu anakubusu mashavu yote mawili. Mungu ayatazame magoti yako na akufungulie asubuhi zisizo na maumivu.

Basi tandika kitanda cha watu wawili. Mke mwenzangu atalala majini.

Ni mimi wifi yako nikupendaye na kukuchokoza,
Bi Mkubwa